Minneapolis kodi inapanda asilimia 12, ng'ambo ya barabara St. Paul asilimia 3, sheria zao zikoje?

binti_wa_Ilala

Habarini wakuu, naombeni msaada kwa mnaokaa Minnesota, hasa hii miji miwili pacha. Mimi niko Minneapolis upande wa Prospect Park, apatimenti ya chumba kimoja, lizi yangu inaisha mwisho wa Agosti. Juzi nimeletewa barua ya kuongeza lizi, kodi inatoka dola 1,290 inaenda 1,445, yaani asilimia 12 kwa mkupuo mmoja, na ukiangalia humu ndani hakuna kilichobadilika, kapeti ni lile lile na lifti inagoma kila baridi ikikolea.

Sasa mdogo wangu anakaa St. Paul, na siyo mbali, ni stesheni moja tu ya treni ya Green Line kutoka kwangu, ukivuka barabara ya Emerald umeshaingia mji wao. Yeye kaongezewa asilimia 3 na barua yake imesema kabisa kwamba hicho ndicho kiwango cha jiji. Nikamuuliza mwenye nyumba wangu mbona wenzangu hawafanyiwi hivi, akanijibu kwa imeili mstari mmoja, "hiyo ni St. Paul."

Naomba kueleweshwa, inakuwaje jimbo moja, mabasi yale yale, watu tunafanya kazi hospitali zile zile, halafu sheria ya kodi iwe tofauti namna hii? Kuna chochote naweza kufanya mimi wa Minneapolis? Na nikiamua kuhamia St. Paul ina maana moja kwa moja nakuwa chini ya hiyo asilimia 3 au kuna mambo sijaambiwa? Nimeona jengo moja zuri kule na nilitaka kupeleka maombi wiki hii.

mzee_wa_Midway

Dada pole sana kwa hiyo barua. Niko St. Paul tangu kabla hiyo sheria haijakuja na nilisimama kwa baridi kugawa karatasi za kampeni wakati wa kura, kwa hivyo acha nikuelezee kutoka mwanzo kwa sababu watu wengi wanaijua nusu nusu.

Minnesota kuna sheria ya jimbo ya tangu miaka ya 80 inayokataza mji wowote kuweka kikomo cha kodi ya nyumba, isipokuwa wapiga kura wa huo mji wenyewe waikubali kwenye uchaguzi mkuu. Kwa hivyo si gavana anaamua, na madiwani peke yao hawawezi, ni lazima kura za wananchi, mji kwa mji. Ndiyo maana mpaka wa mji unageuka kuwa mpaka wa kodi.

Novemba 2021 miji yote miwili ilipiga kura siku moja na hapo ndipo watu wanachanganya mpaka leo. Sisi St. Paul karatasi ya kura ilikuwa na sheria yenyewe, imeshaandikwa: kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa miezi 12, nyumba zote za kupanga, mpya na nzee, ghorofa kubwa na nyumba ndogo, na hata mpangaji akihama akaingia mwingine kikomo kinabaki pale pale. Ilipita kwa asilimia kama 53 na ikaanza kutumika Mei 1, 2022. Minneapolis karatasi yenu iliuliza kitu tofauti, iliuliza kama madiwani wapewe ruhusa ya kuja kutunga sheria ya namna hiyo. Ikapita pia, na watu wakashangilia wakidhani wamepata kikomo. Walichopata ni ruhusa.

Halafu ikaja 2023. Kulikuwa na hoja barazani ya kuendelea kuandaa sheria ili iende kwa wapiga kura. Juni 28, 2023 madiwani wakapiga kura na hoja ikaanguka 5 kwa 4. Siku hiyo ilikuwa Idd el-Hajj, na madiwani watatu Waislamu hawakuwepo kwa sababu ya sikukuu. Watatu, na tofauti ya kura ilikuwa moja! Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, si kwa sababu nina hakika sheria ingekuja kupita mpaka mwisho, meya Jacob Frey alikuwa anaipinga waziwazi, lakini jambo linalogusa wapangaji wengi kiasi hiki halikufaa kuamuliwa siku ambayo wawakilishi wa watu wetu wako kwenye swala ya Idd.

Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza: Minneapolis hakuna kikomo. Lizi ikiisha mwenye nyumba anaweza kuandika namba yoyote mradi akupe notisi inavyotakiwa. Hawezi kukupandishia katikati ya lizi kama lizi yenyewe haisemi hivyo, lakini ikiisha tu mlango uko wazi.

kijana_Frogtown

Nakazia alichosema mzee. Na watu wakikuambia eti asilimia 3 ni kidogo haisaidii mwambie ahesabu. Kwa 1,290 yako asilimia 3 ni dola 39 hivi, wewe umeongezewa 155 kila mwezi, kwa mwaka ni dola 1,860. Hiyo ni nauli ya kwenda Dar na chenji inabaki. Mama yangu anakaa jengo la zamani hapa mtaa wa Frogtown, St. Paul, analea wajukuu, na kabla ya ile sheria kila msimu wa barua za lizi alikuwa halali, sasa anajua mapema mwakani atalipa ngapi. Kwa mtu anayelipwa kwa saa hiyo kujua mapema ni kitu kikubwa sana.

mama_Moraa_BP

Hamjambo wanangu. Mimi nitaongea upande mwingine na naomba msinirukie kabla sijamaliza. Ni nesi, nakaa Brooklyn Park, na mimi na mzee wangu tuliweka pesa za ovataimu tukanunua nyumba ya familia nne East Side ya St. Paul kabla ya hiyo kura. Hatuna kampuni. Ni sisi wawili na fundi mmoja Mluhya anayetusaidia.

Asilimia 3 kwenye karatasi inaonekana haki, lakini bima ya hilo jengo haipandi kwa asilimia 3, propati taksi haipandi kwa asilimia 3, na boila ikikufa Januari hakuna mtu anakuuliza sheria ya jiji inasema aje, unaita fundi usiku na unalipa. Mwanzoni tuliogopa sana, rafiki zetu wawili waliuza zao.

Lakini pia nataka msomaji ajue kwamba ile sheria si ukuta usiopitika. Mwenye nyumba wa St. Paul akiwa na gharama za kweli anaruhusiwa kuomba kuzidisha. Ukitaka kati ya asilimia 3 na 8 unajaza fomu mwenyewe kwa websaiti ya jiji, unaapa kwamba hesabu zako zinaonyesha unahitaji, na unaweka rekodi zako kwa sababu jiji wanaweza kuziitisha. Ukitaka zaidi ya 8 inabidi maafisa wa jiji wakae chini na hesabu zako wenyewe, mapato na matumizi ya mwaka wa msingi, yaani mwaka wanaolinganisha nao, na ya sasa, ndiyo waamue. Kanuni yao ni kwamba mwenye nyumba anastahili kubaki na faida ya kiasi kile kile alichokuwa nacho, ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei. Wapangaji wanaarifiwa na wana haki ya kukata rufaa. Sisi tulishawahi kuomba wakati tulibadilisha paa, tukawaonyesha wapangaji risiti kwanza, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hivyo binti yangu, ukihamia St. Paul usishangae ukipata notisi ya asilimia 6. Inaweza kuwa halali kabisa. Cha kufanya ni kuangalia kama kweli ameomba.

kijana_Frogtown

Mama nakuheshimu na wewe inaonekana unafanya kwa haki, lakini wapangaji wangapi wanajua kwamba ile fomu ya 3 mpaka 8 mwenye nyumba anajijazia mwenyewe? Hiyo ndiyo shida yangu. Kura ilisema 3, halafu kwa mlango wa nyuma imekuwa 8 kwa yeyote anayejua kujaza fomu. Kampuni kubwa zina watu wa kujaza fomu siku nzima, mama yangu hana mtu wa kumsomea ile notisi ya Kiingereza.

mama_Moraa_BP

Hapo umesema kweli mwanangu na sibishi. Mwambie mama asitie sahihi kitu chochote kabla hajaonyesha mtu. HOME Line wanasaidia wapangaji wa jimbo zima bure kwa simu, na wana watu wa lugha zaidi ya Kiingereza. Hata mimi mwenye nyumba nawaambia wapangaji wangu wawapigie.

ramani_na_mikataba

Wakuu, hakuna aliyemjibu dada swali lake la pili vizuri, na ndilo lenye hatari kwa sababu anataka kupeleka maombi wiki hii. Dada usilipe ada yoyote ya maombi bado!

Sheria ya St. Paul ya leo siyo ile iliyopigiwa kura 2021. Imebadilishwa mara mbili na mabadiliko yote mawili yanakugusa wewe unayehamia.

La kwanza, Septemba 2022 madiwani walitoa nje majengo mapya kwa miaka 20, na nyumba za watu wa kipato cha chini ambazo tayari zina masharti yake ya serikali. Pia wakaruhusu kwamba mpangaji akiondoka kwa hiari yake au kwa kosa halali, mwenye nyumba anaweza kumpandishia anayeingia kwa asilimia 8 pamoja na mfumuko wa bei. Hii ilianza Januari 2023. Maana yake nini? Kikomo kinamlinda zaidi aliyekaa kuliko anayeingia. Mdogo wako analipa kidogo kwa sababu yumo ndani miaka, wewe ukiingia chumba cha jirani yake jengo lile lile unaweza kuanza na kodi ya juu kuliko yake, halafu kuanzia hapo ndiyo asilimia 3 yako inaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kama unahama kwa hesabu ya mwaka mmoja huenda usiokoe kitu, ukijumlisha gari la kuhamisha na dipoziti mpya unaweza hata kupoteza. Kama unataka kukaa miaka mitano hapo ndipo tofauti inaonekana.

La pili ni kubwa zaidi. Mei 2025 baraza la St. Paul lilipiga kura 4 kwa 3 na kuyatoa nje kabisa, milele, majengo yote yaliyopata kibali cha kukaliwa baada ya Desemba 31, 2004. Siyo tena miaka 20, ni moja kwa moja. Kwa hiyo zile apatimenti zote mpya unazoziona pembeni ya University Avenue kwenye njia ya treni, zenye jimu na vioo virefu, nyingi haziko chini ya asilimia 3. Umesema umeona "jengo zuri". Naomba uangalie limejengwa mwaka gani. Ingia websaiti ya kaunti ya Ramsey sehemu ya kutafuta majengo, andika anwani, mwaka wa ujenzi upo pale. Kama ni karibu karibu na 2004 basi waulize jiji tarehe ya kibali chenyewe, maana hiyo ndiyo inayohesabika.

Na kuna mtego mwingine ambao nimeona Waswahili wenzetu wengi wanaingia. Anwani ya posta ikisema St. Paul haimaanishi uko ndani ya mji wa St. Paul. Maplewood, Roseville, Lauderdale, hizi zote barua zake zinaweza kuandikwa St. Paul lakini ni miji mingine na haina kikomo chochote. West St. Paul ni mji wake peke yake, tena uko kaunti ya Dakota. South St. Paul vile vile, na North St. Paul nao ni mji wake peke yake ingawa uko kaunti ya Ramsey. Rafiki yangu alitia sahihi lizi Maplewood akiwa na uhakika kabisa amelindwa, na mwaka uliofuata akaletewa ongezeko ambalo St. Paul mwenye nyumba angelazimika kwenda kuliombea jiji. Hakukuwa na la kufanya. Kwa hiyo mambo mawili kabla ya kutia sahihi, mji gani hasa, na mwaka gani jengo lilimalizika. Dalali au ofisi ya jengo wakikuambia "ndiyo tunafuata sheria ya jiji" hiyo siyo jibu, waambie wakuandikie kwamba chumba hiki kiko chini ya kikomo.

mzee_wa_Midway

Umeeleza vizuri sana kuliko mimi. Mimi naongeza tu kwamba ile kura ya Mei 2025 sisi tuliopigania 2021 tulienda kuongea barazani na tukashindwa. Tulielewa hoja yao, ujenzi ulisimama, lakini wananchi walipiga kura kwa nyumba zote. Mtu anayepanga jengo la 2006 ana shida ile ile ya mtu wa jengo la 1966. Jengo la 2006 leo si jipya!

Sota_mjenzi

Naomba niongee kama mtu anayefanya kazi ya ujenzi, mimi ni wa mabomba. Baada ya ile kura ya 2021 maombi ya vibali vya kujenga nyumba St. Paul yalianguka vibaya sana ndani ya miezi michache, wakati Minneapolis ng'ambo yanaendelea. Kule Highland Bridge, kile kiwanja kikubwa cha kilichokuwa kiwanda cha Ford, mjenzi mkuu alisimamisha miradi, na sisi mafundi tukaambiwa tusubiri. Watu wengi tuliokuwa tunategemea ile kazi tukahamishiwa Minneapolis na vitongoji vyake. Kuna wachumi wa University of Southern California waliopima wakakuta bei za majengo St. Paul zilishuka asilimia 6 mpaka 7 kwa ajili ya ile sheria.

Sasa dada ameuliza kwa nini miji iwe tofauti, na tofauti siyo kikomo tu. Minneapolis walichagua njia nyingine. Kwenye mpango wao wa 2040 waliondoa ile kanuni kwamba mtaa fulani ni nyumba za familia moja tu, wakaruhusu nyumba za familia tatu kwenye viwanja hivyo, wakaondoa sharti la kila jengo kuwa na paking kadhaa, na kwenye njia za treni na mabasi wakaruhusu ghorofa. Taasisi ya Pew waliangalia 2017 mpaka 2022 wakakuta nyumba Minneapolis zimeongezeka asilimia 12 na kodi imepanda asilimia 1 tu, wakati kwingine Minnesota kodi ilipanda asilimia 14. Hiyo siyo kitu kidogo. Mimi naamini mpangaji analindwa na vyumba vitupu vingi kuliko kifungu cha sheria, kwa sababu mwenye nyumba mwenye vyumba vitupu vitano anakubembeleza.

kijana_Frogtown

Asilimia 1 ni wastani wa mji mzima kaka. Dada hapa kapigwa 12. Wastani haumlipii kodi.

Sota_mjenzi

Sawa kabisa, na ndiyo maana namshauri asikubali ile barua ilivyo. Wastani unamsaidia hapa: anaweza kutafuta apatimenti zinazofanana naye pale pale Prospect Park na mtaa wa jirani wa Como, aandike bei zake, ampelekee mwenye nyumba. Ofisi nyingi mwaka huu wanatoa mwezi mmoja bure kwa mpangaji mpya, mwambie kama mpya anapewa mwezi bure mimi niliyelipa kwa wakati siku zote nipewe nini. Hata mkikutana asilimia 5 umeokoa pesa na hujahama.

ukingo_wa_Oakland

Habari za huko. Mimi niko California, na nilidhani ni sisi tu tuna huu mkanganyiko. Huku Oakland majengo ya kabla ya 1983 yana kikomo cha asilimia 60 ya mfumuko wa bei au asilimia 3, ile iliyo ndogo. Ukivuka barabara ukaingia Emeryville, ambao ni mji mdogo umebanwa hapo kati yetu na Berkeley, hawana kikomo chao cha mji, wanatumia cha jimbo tu, asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei isizidi 10, na hicho nacho hakigusi majengo yaliyo chini ya miaka 15. Berkeley nao wana bodi yao ya kodi inayopigiwa kura na wananchi na hesabu yao tofauti. Ndani ya mwendo wa baiskeli unapita sheria tatu. Tofauti yetu na nyinyi ni kwamba huku jimbo limeweka sakafu, yaani hata mji usipokuwa na kitu kuna kikomo cha mwisho kwa majengo mengi. Minnesota naona mji ukikosa basi umekosa kabisa. Kama mnapigania kitu huko, piganieni jimboni.

mzee_wa_Midway

Hiyo ya jimboni ndiyo watu wengi hatujawahi kuifikiria, sisi tunabishana mji kwa mji wakati watu wa Brooklyn Park na Bloomington ambako nusu ya jamii yetu wanaishi hawako hata kwenye mazungumzo. Kule hakuna kura iliyowahi kupigwa.

binti_wa_Ilala

Jamani nashukuru sana, sikutegemea majibu mengi hivi. Nimefanya alivyosema ramani_na_mikataba, lile jengo nililolitamani liko ndani ya mji wa St. Paul kweli lakini mwaka wa ujenzi umeandikwa 2018. Kwa hiyo halimo kabisa! Na yule dada wa ofisini aliniambia kwa simu "tuko St. Paul, kodi haipandi ovyo." Nimeachana nalo. La mdogo wangu ni la 1971 ila halina chumba kitupu kwa sasa, nimejiandikisha wakipata waniite.

Wakati huo huo nimemwandikia mwenye nyumba wangu barua ya heshima na bei za majengo manne ya jirani kama alivyosema Sota_mjenzi. Hajajibu bado. Swali moja zaidi, Mei nilipiga simu 311 ya jiji kuripoti lifti, mkaguzi akaja, na barua ya asilimia 12 imekuja Julai mwanzoni. Je, kuna uhusiano au ndiyo najitungia?

ramani_na_mikataba

Dada hilo ulipaswa kulisema mwanzo maana linabadilisha mambo. Sheria ya jimbo la Minnesota inakataza mwenye nyumba kumuongezea mpangaji mzigo kama adhabu ya kulalamikia ubovu. Na kama ongezeko limekuja ndani ya siku 90 baada ya malalamiko yako, basi ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba siyo kisasi, siyo wewe. Hii inafanya kazi Minneapolis, St. Paul, Brooklyn Park, jimbo zima, haina habari na kikomo cha kodi. Tafuta namba ya ripoti yako ya 311 na tarehe yake, piga picha ile barua na bahasha yake, halafu uwapigie HOME Line kabla hujatia sahihi wala kukataa kitu.

Ila uwe mkweli kwenye hesabu. Kama jengo zima limepata asilimia 12 wakiwemo wasiolalamika, atasema ni ongezeko la wote na atakuwa na hoja. Waulize majirani zako wa korido, hilo ni la kufanya leo leo.

binti_wa_Ilala

Nimeuliza kwenye ngazi jioni hii. Mama mmoja wa Oromo wa ghorofa yangu kaongezewa asilimia 5, kijana mmoja mwanafunzi asilimia 4. Wote hawajawahi kupiga 311. Namba ya ripoti ninayo kwenye imeili.

mzee_wa_Midway

Waombe wote wawili picha za barua zao, kwa ridhaa yao. Usimwandikie mwenye nyumba kitu kingine mpaka uongee na mwanasheria.

mama_Moraa_BP

Kama mwenye nyumba nakuambia binti yangu, hiyo ya 12 kwa mmoja na 4 kwa jirani sijui angeielezaje mbele ya jaji wa kaunti yenu ya Hennepin. Na ikitokea umeamua kuondoka hata hivyo, mwachie anwani yako mpya kwa maandishi siku unatoka. Ana wiki tatu kukurudishia dipoziti na riba ya asilimia 1 kwa mwaka, au akuandikie kwa nini anakata na kiasi gani. Piga picha kila chumba, ndani ya oveni pia, watu wengi wanakatwa kwa oveni.

binti_wa_Ilala

Asante mama. Nimepata nafasi ya kuongea na HOME Line kesho mchana, nitawaambia walichosema.